SOMO: KAZI YA MIKONO NYUMBANI

Wapendwa, someni kwanza Kutoka 35:20-35. Hapa tumezoea kumkumbuka Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, tukawapita wanawake wa aya ya 25 na 26. Hao walisokota nyuzi na manyoya ya mbuzi, na Maandiko yanawahesabu kuwa wenye hekima kama yeye.

Sasa mtazameni mama wa Ujiji asukaye mikeka. Ukindu hukatwa ungali mchanga, huanikwa hata uwe mweupe, huchanwa chane za upana mmoja. Nyingine huchemshwa katika rangi. Kisha husuka ukili, pima baada ya pima, chungu kikiwa motoni na mtoto akilia. Mwisho huushona ukingo kwa ukingo. Chane zikipishana upana, mkeka hupinda. (Nani asemaye hapo hakuna hesabu?)

Lakini akituletea twataka kulipa nusu ya bei, eti alikuwa amekaa nyumbani tu. Seremala hatumwambii hivyo.

Maswali ya vikundi: Mkeka wako wa mwisho uliununua kwa bei gani? Ukiigawanya kwa siku alizosuka, ungekubali wewe ujira huo?