SURA YA TISA: KUITUNZA MIGUU YETU

Vua viatu, kama umevaa, uutazame mguu wako. Gusa kisigino, kisha gusa ngozi ya ndani ya mkono wako, karibu na kiwiko. Ngozi ipi ni nene zaidi? Ngozi ya wayo ni nene kuliko ngozi ya mahali pengine po pote mwilini, kwa sababu hubeba uzito wetu wote. Ndani yake, katika kila mguu, mna mifupa 26. Miguu miwili ina mifupa 52, nayo ni karibu robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima.

Lakini ngozi hii nene ina upungufu mmoja. Karibu kila mahali mwilini ngozi ina tezi ndogo zitoazo mafuta ya kuilainisha. Nyayo hazina tezi hizo. Zina tezi za jasho tu. Kwa hiyo nyayo hukauka upesi.

Katika mkoa wa Singida mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayofuata ni mikavu, na upepo wenye vumbi huvuma kwa nguvu. Wakati huo visigino vya watu wengi hukakamaa na kupasuka. Mipasuko hiyo huitwa magaga. Magaga madogo hayaumi, na watu huyadharau. Yakiwa na kina, hutoa damu, na vijidudu vya maradhi hupata mlango wa kuingilia. Vijidudu vya pepopunda, kwa mfano, huishi katika udongo, hasa udongo wenye samadi. Mtu aliyeambukizwa hukakamaa misuli, taya zake hufungana, na anaweza kufa. Chanjo huuzuia ugonjwa huu, ndiyo maana watoto wachanga huchanjwa.

Funza

Adui mwingine wa miguu hangoji mlango; huutoboa mwenyewe. Huyu ni funza, ambaye mahali pengine huitwa tekenya. Ingawa mabuu nayo huitwa funza, mdudu huyu ni aina ya kiroboto, mdogo kuliko punje ya ulezi. Huishi katika vumbi na mchanga mkavu: kwenye sakafu ya udongo, katika mazizi, na mahali alalapo mbwa.

Funza si mwenyeji wa Afrika. Makao yake ya asili ni Amerika ya Kati na Kusini. Mwaka 1872 meli kutoka Brazil ilimfikisha Angola, akiwa katika mchanga uliopakiwa ili kuiongezea meli uzito. Kutoka huko alisafiri pamoja na wapagazi, askari na wafanyabiashara, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amefika pwani ya Afrika Mashariki. Njia ya misafara iliyounganisha Tabora na pwani ilipita Kilimatinde, katika wilaya ya leo ya Manyoni.

Funza jike hujichimbia ndani ya ngozi, mara nyingi kando ya kucha, kati ya vidole au kisiginoni. Sehemu yake ya nyuma hubaki nje, nasi huiona kama kitone cheusi. Kwa tundu hilo hupumua na kutoa mayai. Tumbo lake hujaa mayai, likavimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya mbaazi. Hutoa mayai mia moja au zaidi, ambayo huanguka mavumbini na kuanguliwa baada ya siku chache. Kisha jike hufia pale pale ndani ya ngozi.

Mguu wenye funza huwasha, kisha huuma. Mtoto mwenye funza wengi hutembea kwa ukingo wa wayo, na kama shule iko mbali, huacha kwenda. Wenzake humcheka, wakidhani ni mchafu tu. Kumcheka ni kosa, maana funza hachagui, na vumbi la darasani hukanyagwa na wote.

Usimchokonoe funza kwa mwiba au kwa pini iliyotumiwa na mwingine. Pini moja ikipita miguu mingi huweza kueneza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Usimmwagie mafuta ya taa, huunguza ngozi. Mwambie mzazi au mwalimu, uende zahanati. Mganga humtoa kwa sindano safi, au hupaka mafuta ya dawa yaitwayo dimetikoni, ambayo humziba pumzi akafa.

Kila jioni osha miguu kwa maji na sabuni, kisha uikaushe, hasa kati ya vidole, kwa kuwa fangasi hupenda unyevu. Paka mafuta, ya alizeti yanafaa. Vaa viatu, hata katambuga. Nyunyizia sakafu ya udongo maji kabla ya kufagia, na wanyama wasilale mnamolala watu.

Jaribio

Kila usiku, kwa muda wa siku saba, osha miguu yote miwili. Paka mafuta kisigino cha kulia tu. Siku ya nane linganisha visigino. Andika ulichoona.

Maswali

1. Kwa nini nyayo hukauka kuliko uso?
2. Kitone cheusi kwenye ngozi yenye funza ni nini?
3. Kwa nini katika jaribio tuliacha kisigino kimoja bila mafuta?
4. Chunguza sakafu ya darasa lenu. Funza angeweza kuishi wapi?