Kujaribu Gari la Mkono wa Pili Kabla ya Kulinunua

Wakaazi wengi wa Nairobi hununua gari kwa mkopo wa Sacco au benki. Mkopo huo utaendelea kukatwa kwenye mshahara hata gari likilala gereji. Ndiyo maana nusu saa ya kulijaribu barabarani ina faida kuliko maneno yote ya muuzaji. Somo hili lafuata hatua za jaribio hilo, kwa mfano wa barabara za Loresho.

Kabla ya kuwasha injini

Mpigie muuzaji simu mapema, umwombe asiliwashe gari kabla hujafika. Nenda mchana, na uandamane na fundi wako mwenyewe, si yule aliyeletwa na broka. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, subiri injini ipoe au urudi siku nyingine. Injini yenye joto huficha makosa: huwaka upesi, na moshi wa kwanza umeshatoka kabla hujauona.

Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama maziwa, huenda maji ya redieta yanaingia kwenye oili, na matengenezo yake ni ghali.

Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa kila tairi. 2319 ina maana kuwa tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa za tahadhari kwenye dashibodi, kama ya injini, oili na mifuko ya hewa, zinapaswa kuwaka, kisha zizime injini ikishika. Taa isiyowaka kabisa ni ya kutiliwa shaka kama ile isiyozima, kwani huenda imeondolewa ili kuficha kosa.

Sasa washa, fundi akitazama nyuma. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli inayozidi kiasi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ni kawaida, lakini ukiendelea kuwa mzito injini ikiwa imepata joto, maji yanaingia ndani ya injini.

Barabarani

Beba leseni yako na uthibitishe kwamba bima ya gari ingali hai na yakuruhusu wewe kuendesha. Chagua njia mwenyewe. Kuzunguka yadi si jaribio.

Loresho iko juu ya mgongo wa ardhi, na barabara zake hushuka kuelekea mabonde ya mito. Tumia miinuko hiyo. Ukipanda, sikiliza kama injini inalemewa. Mahali salama pasipo na magari, simama kwenye mwinuko na uvute breki ya mkono: gari lisirudi nyuma. Ukishuka, kanyaga breki taratibu. Pedeli isizame, usukani usitetemeke, na gari lisivute upande mmoja.

Kwenye matuta, zima redio na ufungue vioo. Mgongo wa chuma ukisikika, shoki au vishikilio vyake vimechoka. Mahali palipo wazi, kata kona hadi mwisho wa usukani, kushoto na kulia. Sauti ya ka-ka-ka huashiria kwamba viungo vya ekseli za mbele vimekwisha.

Kwa gari la otomatiki, hamisha gia kutoka rivasi hadi ya kwenda mbele ukiwa umekanyaga breki. Kishindo kikubwa au kuchelewa kushika ni ishara mbaya.

Mtaani usizidi kilomita 50 kwa saa. Kisha ingia Waiyaki Way, uelekee Uthiru na kurudi, kwa mwendo unaoruhusiwa. Huko ndiko utajua kama gia zabadilika vizuri na kama gari latetemeka likiwa mbioni.

Mkirejea, acha injini iunguruma dakika kumi, kipozahewa kikiwa kimewashwa. Mshale wa joto usipande. Tazama chini ya gari: matone ya maji safi ya kipozahewa si tatizo, lakini oili ni tatizo.

Karatasi

Gari likifaulu barabarani, usilipe bado. Fanya utafutaji wa gari katika huduma za NTSA kwenye eCitizen. Linganisha nambari ya chasisi na ile iliyo kwenye gari, na jina la mmiliki na kitambulisho cha anayekuuzia. Jina la benki au mkopeshaji likiwepo, kuna deni ambalo halijamalizwa. Kwa gari lililotoka Japani, omba cheti cha ukaguzi uliofanyiwa huko kabla ya kusafirishwa. Kilomita za cheti zikizidi za dashibodi, mita imerudishwa nyuma.

Ukinunua, hakikisha umiliki umehamishwa ndani ya siku 14, jinsi Sheria ya Trafiki inavyotaka.

Muuzaji anaweza kukuambia kwamba mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu. Mwache aje. Wengi hununua gari bovu kwa kuona haya tu, kwa sababu muuzaji amepoteza asubuhi yake nao. Breki zikikutia shaka, fikiria watoto watakaoketi kiti cha nyuma, umshukuru muuzaji, na umrudishie ufunguo.