Maji ya Chupa Yakitoka Yamechafuka: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mkunga

Chupa ikipasuka, yatazame maji kwa macho yako mwenyewe. Andika saa na hali yake kwenye patografu. Herufi M, yaani mekoniamu (kinyesi cha mtoto), peke yake haitoshi: eleza kama ni mepesi ya kijani au mazito kama uji.

Usiseme "mtoto amejisaidia tu" ukaendelea na shughuli nyingine. Kweli, mimba iliyopita wiki 41 huwa hivyo mara nyingi na mtoto akawa salama. Usalama huo utaujua kwa kusikiliza, si kwa kukisia.

Sikiliza moyo wa mtoto. Kila dakika 15 hadi 30 njia inapofunguka, kila dakika 5 mama anaposukuma. Kawaida ni mapigo 110 hadi 160. Hesabu dakika nzima, kuanzia uchungu unapoachia. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Mapigo yanayoshuka baada ya uchungu utayakosa.

Usikimbilie upasuaji kwa sababu ya rangi pekee.

Uko zahanati, maji ni mazito, njia bado? Toa rufaa sasa, na mhudumu afuatane na mama. Kichwa kikishaonekana, usimsafirishe.

Mapigo yakiharibika, funga dripu ya uchungu na umlaze mama ubavu. Muulize kama amekunywa dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu. Usimkaripie: atakuficha.

Usimnyonye mtoto uchafu wakati kichwa kimetoka na mabega bado yamo ndani. Wengi walifundishwa hivyo, na mkono umezoea. Utafiti wa Argentina na Marekani uliotoka mwaka 2004, wenye watoto zaidi ya 2,500, haukuona faida yoyote. Anayelia, mkaushe umweke kifuani mwa mama, basi.

Asiyepumua, mkaushe na umsugue mgongo. Uchafu unaouona uondoe upesi, mdomo kwanza, pua baadaye. Bado hapumui? Mpumulishe kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Inaniuma kuona dakika hiyo ikipotea kwa kunyonya na kunyonya tena, mtoto akihitaji hewa. Usimning'inize, usimpige makofi, usimmwagie maji baridi.

Hesabu pumzi zake mara kwa mara kwa saa 12 za kwanza. Zikizidi 60 kwa dakika, akiguna, kifua kikibonyea au midomo ikigeuka bluu, mpe oksijeni na umwite daktari. Mwonyeshe mama dalili hizo. Akikuita usiku, nenda.