ELIMU KWA UMMA: “AMETULIA” SI KIPIMO CHA KUPONA

Watumishi wa umma na wakazi wa Kilwa Kisiwani wanafahamishwa kuwa somo la ukurasa huu linahusu namna ya kupima manufaa ya huduma wanayopewa nyumbani watu wenye maradhi makali ya akili. Linawahusu wahudumu wa afya, viongozi wa kijiji, walimu, na kila nyumba inayomtunza mgonjwa wa aina hiyo.

1. Huduma ilivyokuja kijijini

Kwa miaka mingi mgonjwa mkali wa akili katika Tanganyika alipelekwa mbali na kwao. Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma ilianza mwaka 1927, na kwa mtu wa pwani ya kusini safari ya kwenda huko ilikuwa sawa na kuhama. Baada ya uhuru vilianzishwa vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa waliishi na kufanya kazi. Katika miaka ya 1980 Serikali, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na kusaidiwa na Denmark, ilifanya majaribio katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ya kuiingiza huduma hiyo katika vituo vya kawaida vya afya.

Faida yake ni kwamba mgonjwa hutibiwa akiwa miongoni mwa watu wake. Lakini jambo moja hupungua. Aliyelazwa wodini huonwa kila siku. Aliyeko nyumbani, ng’ambo ya maji, huenda akaonwa mara moja kwa mwezi. Ni lazima basi iwepo njia ya kujua kama anapata nafuu.

2. Daftari linasema nini

Vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, huonyesha hasa idadi ya waliohudhuria na maradhi yao. Hesabu hizo ni za lazima katika kupanga huduma na kuagiza dawa. Hata hivyo, hupima kazi iliyofanyika. Hazipimi maisha ya aliyehudumiwa. Mtu aweza kuandikwa mara 12 kwa mwaka, na mara zote 12 akarejea katika chumba kilekile kinachofungwa kwa nje.

Na tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana mvuvi alikuwa akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, akipiga kelele usiku na kuwarushia mawe wapitao. Alipoanza sindano ya kila mwezi, kelele zilikoma. Nyumba ilishukuru, na katika kadi yake likaandikwa neno moja: “Ametulia.” Baada ya miezi sita neno lilikuwa lilelile. Lakini kijana huyo hulala hadi adhuhuri, mikono yamtetemeka hata hawezi kushona nyavu, hashuki pwani, haonekani msikitini, na hula peke yake. Kwa hakika waliotulia ni majirani.

Usingizi mzito, kutetemeka na kukakamaa viungo huweza kuwa madhara ya dawa, na mara nyingi mganga aweza kuyapunguza kwa kubadili dawa au kipimo chake. Ili afanye hivyo ni lazima aambiwe; na ili aambiwe, ni lazima mtu aulize. Mgonjwa na jamaa zake wasiikatishe dawa wenyewe, kwani ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu.

3. Maswali yanayofaa

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa dodoso la kupima uwezo wa mtu kutenda mambo ya maisha, lijulikanalo kwa kifupi WHODAS 2.0. Lipo refu lenye maswali 36 na fupi lenye maswali 12. Yote mawili huuliza juu ya siku 30 zilizopita, katika nyanja sita: kuelewa na kuwasiliana, kutembea na kwenda mahali, kujihudumia, kupatana na watu, shughuli za nyumbani na kazi, na kushiriki mambo ya jamii.

Kila jibu lina daraja tano, kuanzia “hakuna taabu” hadi “taabu kubwa mno au haiwezekani”. Daraja zikihesabiwa 0 hadi 4, jumla ya maswali 12 huwa kati ya 0 na 48. Alama ikipungua, taabu imepungua.

Njia hii si ngeni nchini. Katika utafiti uitwao Kuwezeshana Kupata Uzima, uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya, wagonjwa na jamaa zao walifundishwa pamoja. Na matokeo hayakutazamwa kwa kurudi kwa ugonjwa peke yake, bali pia kwa ubora wa maisha na uwezo wa kutenda.

4. Kanuni za kupima

(a) Kipimo cha kwanza kichukuliwe mwanzoni mwa huduma. Pasipo mwanzo hapana ulinganisho.

(b) Maswali yawe yaleyale, kwa muda uliopangwa, kwa mfano kila miezi mitatu.

(c) Aulizwe mgonjwa mwenyewe kwanza, kisha jamaa anayemtunza, kila mmoja peke yake. Mama akisema “hana taabu” na mwana akasema “sina mtu wa kuzungumza naye”, tofauti hiyo nayo ni habari, iandikwe.

(d) Msimu uzingatiwe. Wakati wa kusi kali hata mvuvi mzima huweza kukaa pwani. Mgonjwa alinganishwe na rika lake la msimu huohuo. Vivyo hivyo mwanamke aulizwe juu ya kazi zake: kusuka ukili, kutafuta pweza, kutunza watoto.

(e) Majibu ni siri. Yasisomwe barazani wala chomboni.

5. Kuitumia alama

Tuseme yule kijana alipata alama 31 mwanzoni, 22 baada ya miezi mitatu, na 23 baada ya sita. Nafuu ilipatikana, kisha ikasimama. Mhudumu atazame ni maswali yapi hayakusogea. Yakiwa ya kazi na ya kuchanganyika na watu, ampeleke kwa mganga atazamwe dawa, na azungumze na nahodha mmoja amchukue kwa kazi nyepesi ufukweni.

Alama za wagonjwa wengi zikipanda kwa pamoja, yafaa ichunguzwe kama dawa zilikosekana au vyombo havikuvuka. Alama isitumike kumwadhibu mhudumu aliyeandika ukweli, wala kumnyima huduma mgonjwa asiyepata nafuu. Huyo ndiye mwenye haja zaidi.

6. Hitimisho

Mafundisho ya dini yanajulikana: aliyepotewa na akili huondolewa lawama mpaka akili imrudie. Haki zake za kutunzwa na kuheshimiwa haziondolewi. Mgonjwa ni amana, na mwenye kushika amana huulizwa hali yake. Jibu la “ametulia” halitoshi.

Maswali ya kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya kuhesabu mahudhurio na kupima nafuu?
2. Kwa nini mgonjwa na jamaa yake waulizwe kila mmoja peke yake?
3. Katika nyumba au ofisi yako, ni nani aliyesemwa “ametulia”, na ni lini alipoulizwa mwenyewe?