Israfu ya Nyumbani, na Vitu vya Kushika Mahali Pake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa neema pasi na hesabu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, darasa yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni vitu tunavyovitupa kila siku majumbani mwetu. Sababu ya kulichagua ni hii. Asubuhi moja, nikitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, nalipita penye jaa la mtaa wetu. Usiku uliotangulia palikuwa na walima karibu na hapo, nasi tulialikwa, tukala, tukashiba. Katika jaa lile nikaona pilau imemwagwa pamoja na nyama zake, na sahani za kutupwa kwa mamia, na chupa ndogo za maji ambazo nyingi zilinywewa mafunda mawili matatu tu kisha zikaachwa. Na palikuwa na mama mmoja na mwanawe, wameinama, wakiuchagua wali ulio juu usioguswa na taka, wakiutia katika sufuria. Yule mama aliponiona akajifunika uso kwa leso yake. Nami nikaona haya kuliko yeye. Kwani yeye alikuwa akitafuta riziki, na mimi nalikuwa mmoja wa walioacha chakula katika sahani.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira kuwa chakula kibaya kabisa ni chakula cha walima ambayo hualikwa matajiri wakaachwa maskini. Sisi tumezidi hapo: tumewaacha maskini, kisha tumewaandalia jaani.

HUKUMU YA ISRAFU

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Aaraf, aya ya 31, ametuamrisha tule na tunywe, kisha akatukataza kupita kiasi, akatujulisha kuwa hawapendi wafanyao israfu. Na katika Sura ya Bani Israil, aya ya 26 na ya 27, amewahesabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Tazameni uzito wa maneno haya! Wala hakutuambia tuwe mabahili, kwani katika Sura ya Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake ambao watoapo hawapiti kiasi wala hawabani, bali hushika njia ya katikati. Na katika Hadithi ya Mughira bin Shuuba, waliyoipokea Bukhari na Muslim, kupoteza mali kumetajwa pamoja na mambo anayoyachukia Mwenyezi Mungu kwetu.

Wanavyuoni wamepambanua wakasema: israfu ni kupita kiasi katika jambo la halali, na tabdhiri ni kuitoa mali pasipo haki yake. Ikiwa hivyo ndivyo, basi israfu haipimwi kwa utajiri wa mtu, bali hupimwa kwa kile kilichopita haja. Maskini aweza kufanya israfu katika dumu moja la maji, na tajiri aweza kusalimika nayo katika nyumba ya ghorofa tatu.

Na jambo hili lina upande wa pili, nao ni haki ya jirani. Sisi husema, "Nimetupa," tukadhani kitu kimekwisha. Hakikwisha. Kimetoka mlangoni kwako kikaingia katika mfereji wa mtaa. Masika yanapokuja, mfereji umeziba, na maji machafu huingia katika nyumba ya mwenzio aliye bondeni. Au umekitia moto uani, na moshi wake mchungu ukavutwa na watoto wa jirani. Au kimekwenda baharini. Muslim amepokea kuwa kuondoa cha kuudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani. Ikiwa kukiondoa ni katika imani, basi kukiweka ni katika nini?

Mafundi wa Lamu walitufunza somo hili bila ya mimbari. Katika mwaka 2018 walikamilisha dau lililoitwa Flipflopi, lililoundwa kwa yapata tani 10 za plastiki iliyotupwa, likapambwa kwa ndara zilizookotwa fukweni, na mwanzo wa mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Taka zilizotosha kuunda chombo cha kwenda Unguja hazikuteremka mbinguni. Zilitoka katika nyumba kama zetu.

YAPASAYO KUFANYWA

Hatukuandika haya ili tulaumu tu. Tiba yake ni nyepesi, na sehemu yake kubwa imo katika nyumba za mama zetu na bibi zetu; sisi ndio tulioiacha.

Kwanza, maji. Badala ya kutawadha kwa bomba lililo wazi, tumia birika au kopo. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas kuwa Mtume S.A.W. alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa swaa moja mpaka mudi tano. Swaa ina mudi nne, kama pishi yetu ilivyo na vibaba vinne. Na mudi, kwa hesabu ya wanavyuoni wetu wa Kishafii, haifiki lita moja. Iko na Hadithi mashuhuri ya Saad kukatazwa israfu katika udhu hata akiwa penye mto upitao. Hii ameipokea Ibn Majah, na wanavyuoni wameitia udhaifu sanadi yake. Lakini katika fiqhi yetu kuzidisha juu ya mara tatu ni makuruhu, na kitendo cha Mtume katika Hadithi ya Anas kinatutosha.

Nami nalijipima mwenyewe. Naliweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba, nikatawadha kama desturi yangu. Nilipomaliza kuosha miguu ndoo ilikuwa imepita nusu. Siku ya pili nikatia lita moja katika birika, nikatawadha mara tatu tatu, na maji yakabaki. Miaka mingi nimesomesha mlango wa udhu, na sikupata kujipima hata siku moja! Na sisi wa Mombasa tunakaa kisiwani; maji ya bomba yatujia kutoka mbali, kutoka Mzima na Baricho, na majirani wengi huyanunua kwa dumu katika mikokoteni. Mtu atayamwagaje katika ibada yake, hali ya kuwa mwenziwe anayanunua ya kunywa?

Pili, kikapu. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 serikali ya Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kuchukulia vitu. Lakini mifuko iliyoshika mahali pake, ingawa yaonekana kama nguo, mingi imefanywa kwa plastiki vilevile, nasi twainunua leo tukaitupa kesho. Badala yake chukua kikapu cha ukindu au cha miaa, na kwa samaki chukua bakuli lenye kifuniko. Kikapu hudumu miaka, na fedha yake humwendea mama aliyekaa akakisuka.

Najua kinachowazuia wanaume. Ni haya. Nami nakiri kuwa siku ya kwanza nilipokwenda Marikiti na kikapu nalitazama kushoto na kulia nisionekane na wanafunzi wangu. Kisha nikakumbuka Hadithi ya Bibi Aisha, aliyoipokea Bukhari, kuwa Mtume S.A.W. alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Na katika mapokezi mengine imekuja kuwa alikuwa akishona kiatu chake na akishona nguo yake. Aliye bora wa viumbe alishona kiatu kwa mkono wake, na mimi naona haya kuchukua kikapu cha mchicha!

Tatu, chakula. Badala ya kupika kwa kukisia, pima kwa kibaba kulingana na walaji. Badala ya kumpakulia kila mtu sahani iliyojaa, rudieni sinia, watu wale pamoja, wa mwanzo asizidishe na wa mwisho asikose. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu. Na Muslim amepokea kwa Jabir kuwa tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe, lisiachiwe Shetani. Na kuwa tusiache kitu katika chombo, kwani hatujui baraka imo katika sehemu gani. Huenda basi baraka tunayoilalamikia kuwa imeondoka katika nyumba zetu ilikuwa katika ukoko tulioukwangua tukautupa.

Kinachobaki usiku kifunikwe vizuri, kiwekwe mahali pa baridi, kiwe kiporo cha asubuhi. Na ukijua mapema kuwa kitazidi, mpelekee jirani kingali moto, katika chombo cha heshima. Usingoje kiharibike ndipo umkumbuke maskini. Hiyo si sadaka. Chicha ya nazi na maganda ya mboga wape kuku na mbuzi. Na asiye na mifugo lakini ana uwanja achimbe shimo dogo, avifukie, viwe mbolea ya mchicha wake.

Nne, vyombo vya kuoshea na kusafishia. Badala ya sponji za dukani ambazo hukatika vipande vikaenda na maji, yako madodoki, hupandwa penye ua yakajiotea yenyewe; na kwa masufuria mazito yako makumbi ya nazi. Na mswaki wa mti, ambao Mtume S.A.W. alikaribia kutuamrisha kwa kila sala lau si kuhofia kuwataabisha umati wake, hauachi nyuma yake ila kijiti kinachooza. Mwenye kutumia wa dukani hana makosa, maadamu anasafisha kinywa chake. Lakini mwenye kutumia wa mti apata sunna na apunguza taka kwa kitendo kimoja.

Tano, nguo. Leso iliyochakaa hukatwa vitambaa vya jikoni, au winda za mtoto za kufuliwa badala ya zile za kutupwa, walau kwa saa za mchana ambapo mama yupo nyumbani na maji yapo. Kanzu iliyotatuka hutiwa kiraka. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Abbas kuwa Mtume S.A.W. alipita penye kondoo mfu aliyekuwa wa huru wa Bibi Maimuna, akawauliza kwa nini wasiichukue ngozi yake, wakaidabighi, wakanufaika nayo. Walipomwambia kuwa ni mzoga, akawajulisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Ikiwa mzoga umetafutiwa manufaa, seuze kanzu yenye tundu moja!

MASWALI NA MAJIBU YAKE

Huenda mtu akasema: plastiki haikuwako zama za Mtume, mbona mwaihukumu? Twamjibu: hatusemi kuwa plastiki ni haramu. Asili ya vitu ni uhalali. Kilichokatazwa ni kupoteza na kudhuru. Ndoo ya plastiki inayotumika miaka kumi haina lawama. Chupa inywewayo mafunda mawili kisha ikaachwa ndiyo yenye maswali. Kwa ajili hii asitoke mtu katika darasa hii akatupe vyombo vyake vizima ili anunue vipya vya kizamani. Huyo ameikimbia israfu kwa mlango mmoja akaingia kwa mlango wa pili. Tumieni mlivyo navyo mpaka viishe.

Na mwingine atasema: haya ni mambo ya wanawake. Twamwambia: nani aliyenunua chupa zile za walima? Nani aliyetawadha kwa bomba lililo wazi? Mwanamume anayemwongezea mkewe kazi ya kufua winda wala asimsaidie kuteka maji hakuacha israfu. Amemtwika mwenziwe tu.

Na wa tatu atasema: wageni watatusema tukiwalisha kwa sinia na kuwapa maji ya jagi. Hapa ndipo penye ugonjwa. Bukhari amepokea kwa Anas kuwa walima ya Bibi Safiya haikuwa na mkate wala nyama. Zilitandikwa ngozi, zikawekwa juu yake tende na jibini kavu na samli. Hiyo ndiyo walima ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Nasi twakopa, twalisha kwa fakhari usiku mmoja, tukalipa deni mwaka mzima, na nusu ya tuliyoyakopea yamelala jaani kabla ya alfajiri.

Kwa hivyo sisi wa duara hii tumeagana jambo moja, nasi twawaalika muagane nasi. Mwenye walima katika sisi awahesabu maskini wa mtaa wake katika waalikwa, awaweke penye sinia moja na wengine. Atumie vyombo vya kuoshwa, hata kama ni vya kuazima. Na kitakachobaki kigawanywe usiku ule ule kabla watu hawajaondoka. Na katika nyumba zetu, kila mmoja aanze na jambo moja katika haya matano, alishike mwezi mzima, kisha aongeze la pili. Kitendo kidogo chenye kudumu ni bora kuliko kikubwa cha siku tatu.

Yule mama wa jaani sikumjua jina, wala sikupata kumwona tena. Lakini naogopa kuulizwa juu yake siku ambayo tutaulizwa juu ya neema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe kushukuru neema zake kwa vitendo, na atuepushe na udugu wa mashetani. Amin.