Mwenye Nguvu na Mwaminifu: Somo juu ya Kura ya Mchujo

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya, na ajue msomaji ya kuwa katika nchi nyingi za leo mtu hapigi kura mara moja tu. Kabla ya uchaguzi mkubwa kuna uchaguzi mdogo ndani ya chama, ambao kwa huo wanachama humtoa mmoja wao akapambane na watu wa vyama vingine. Kenya huitwa kura ya mchujo, na Tanzania huitwa kura ya maoni. Wengi huudharau uchaguzi huu, na ilhali ndio mlango: asiyepita hapo hafiki mbele ya wapiga kura wote. Na mahali ambapo chama kimoja kina nguvu kuliko vingine, aliyepita mchujo ndiye mbunge, na kura inayofuata ni kutia muhuri tu.

Katika mchujo huu huzuka swali linalowahangaisha watu wema. Mbele ya mwanachama wamesimama watu wawili. Wa kwanza ameshika msingi wa chama tangu siku za dhiki, hakugeuka wala hakununuliwa. Walakini walio nje ya chama hawamjui, au hawamtaki. Wa pili msimamo wake haukujulikana kwa uthabiti, na pengine jana alikuwa upande mwingine. Walakini ana watu, na yaonekana atashinda. Je, kura apewe yupi? Akipewa wa kwanza, yaogopwa chama kishindwe, na watawale wale ambao madhara yao ni makubwa zaidi. Akipewa wa pili, yaogopwa ushindi uwe wa jina tu, na lile lililopiganiwa lipotee.

SEHEMU YA KWANZA: NGUZO MBILI ZA KILA KAZI

Wanazuoni wa zama hizi wameifananisha kura na ushahidi, kwa kuwa mpigaji hushuhudia ya kuwa mtu huyu anafaa kwa kazi hii. Na ushahidi si kitu cha mchezo. Katika Suratul Baqara, aya ya 283, mwenye kuuficha ushahidi ametajwa kuwa moyo wake umeingia dhambini. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 58, waumini wameamrishwa kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki.

Na sifa za anayestahiki zimetajwa katika Suratul Qasas, aya ya 26, katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan. Binti wa yule mzee alimshauri baba yake amwajiri Musa, akatoa sababu mbili wala si moja: kwamba ana nguvu, na kwamba ni mwaminifu. Kadhalika Nabii Yusuf (a.s.), alipoomba asimamizwe hazina za Misri, alijitaja kwa kuhifadhi na kwa ujuzi. Kutokana na aya hizi wanazuoni wamesema ya kwamba kila kazi ya watu ina nguzo mbili, nazo ni nguvu na uaminifu. Basi anayeuliza kama mtu ataweza kushinda anauliza juu ya sehemu ya nguvu, na anayeuliza kama atasimama na msingi wake anauliza juu ya uaminifu. Yote mawili ni maswali ya haki.

SEHEMU YA PILI: KWAMBA NGUVU HUTAZAMWA

Wako wanaodhani ya kuwa uchaji na msimamo vyatosha. Rai hii haikusimama. Imam Muslim amepokea ya kuwa Abu Dharri (r.a.), ambaye ukweli wake hauna shaka, alimwomba Mtume (s.a.w.) ampe kazi ya utawala, naye akamjulisha kuwa yeye ni dhaifu na kwamba kazi hiyo ni amana. Mtume hakumkosea heshima Abu Dharri, bali aliipima kazi na mtu.

Na katika mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alimtuma Amr bin Al-As (r.a.) kuwa amiri wa jeshi la Dhatus Salasil. Amr alikuwa amesilimu miezi michache tu nyuma, na kabla yake alikuwa katika maadui wakubwa. Alipoomba msaada alipelekewa watu pamoja na Abu Ubaida, na ndani yao wamo Abu Bakr na Umar (r.a.), nao wote wakawa chini ya uamiri wake. Hapana mwenye akili atakayesema ya kuwa Amr alikuwa bora kuliko hao katika dini. Walakini alijua vita, na alikuwa na udugu na kabila la Bali katika nchi ile, ikatarajiwa kuwa watu watamsikiliza.

Imam Al-Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi'i aliyefariki mwaka wa 450 Hijria, ameiweka masala hii wazi katika Al-Ahkam As-Sultaniyya. Amesema ya kwamba wenye kuchagua huwatazama wale waliotimiza masharti, wakamtanguliza aliye bora wao, na ambaye watu wataharakia kumtii. Kisha akaeleza ya kuwa wakimwacha aliye bora wakamchukua aliye chini yake kwa udhuru, na katika nyudhuru hizo akataja kuwa huyo wa chini anatiiwa zaidi na yuko karibu zaidi na nyoyo za watu, basi uchaguzi wao ni sahihi. Kwa hivyo anayetazama nani atakubaliwa na watu hakutoka katika njia ya wanazuoni, wala haifai kumwita msaliti kwa sababu hiyo peke yake.

SEHEMU YA TATU: MIPAKA YAKE

Lakini na atazame msomaji neno moja lililotangulia: wale waliotimiza masharti. Al-Mawardi hakusema ya kwamba kupendwa na watu kunasimama mahali pa masharti. Ameyataja masharti saba ya imamu, na la kwanza katika hayo ni uadilifu. Kukubaliwa na watu ni mizani ya kuwapima wawili waliokwisha ingia mlangoni. Si ufunguo wa kumfungulia aliyezuiliwa.

Ikiwa mtu atasema, imepokewa kwa Imam Ahmad bin Hanbal ya kuwa aliulizwa juu ya maamiri wawili wa vita, mmoja mwenye nguvu na muovu, wa pili mchaji na dhaifu, naye akamchagua mwenye nguvu, kwa kuwa nguvu zake ni faida ya Waislamu na uovu wake ni juu ya nafsi yake; jibu lake ni hili. Neno hilo limesemwa katika vita. Ibn Taymiyya, ambaye amelinakili, ameeleza papo hapo ya kuwa katika kuhifadhi mali hutangulizwa mwaminifu. Na mbunge au rais kazi yake kubwa ni nini? Ni kusimamia hazina, kupitisha matumizi, na kutunga sheria. Uovu wa mshika hazina haubaki juu ya nafsi yake. Humfikia yatima aliye shuleni na mgonjwa aliye hospitali.

Mpaka wa pili ni tofauti baina ya yaqini na dhana. Katika kanuni zilizo mashuhuri kwa Mashafi'i ni kwamba yaqini haiondolewi kwa shaka. Sifa ya mtu aliyeishi na watu miaka ishirini inakaribia kuwa yaqini. Ama kushinda kwake ni khabari ya kesho. Marekani, ambako michujo ya vyama ina desturi ndefu, kuna mifano iliyo wazi. Mwaka 1964 wenye msimamo katika chama cha Republican walimsimamisha Barry Goldwater. Wenzao wakasema hatashinda, na kweli akapata kura 52 za wajumbe wa majimbo, na mpinzani wake 486. Mwaka 1976 chama hicho kilimwacha Ronald Reagan, aliyekuwa na msimamo kama huo, kikamsimamisha Gerald Ford, naye akashindwa. Mwaka 1980 kikamsimamisha Reagan yule yule, na wapo waliosema ya kuwa watu watamwogopa. Akapata kura 489, na mpinzani wake 49. Basi dhana ya nani atashinda mara hupata, mara hukosa. Hutumika pale ambapo hakuna lililo na nguvu kuliko hiyo.

Mpaka wa tatu humwelekea yule anayedai uaminifu. Dini ina asili na ina matawi, na wanazuoni wamekhitalifiana katika matawi bila ya kutoana katika njia. Chama nacho kina asili chache, kama kuchukia rushwa na kumlinda mnyonge, na kina matawi mengi, kama kiasi cha kodi au barabara ipi itangulie. Anayemwita ndugu yake msaliti kwa kukhitalifiana naye katika tawi amekichanganya chama na matamanio ya nafsi yake, na mara nyingi hukishindisha bila faida yoyote.

SEHEMU YA NNE: MFANO WA MWAKA 2015

Yaliyopita Tanzania mwaka 2015 yanafaa kuwa darasa, na makusudio si kumhukumu mtu. Mwaka 2007 Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alisoma hadharani majina ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi, na miongoni mwao alikuwa marehemu Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu. Mwaka 2008 Lowassa alijiuzulu kwa ajili ya mkataba wa umeme wa Richmond. Yeye alikanusha kosa, wala hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na haki yake hiyo yapasa itajwe. Mwaka 2010 Slaa aligombea urais akapata kama asilimia 27.

Ilipofika Julai 2015, Lowassa aliachwa katika mchujo wa CCM, akahamia Chadema, na Agosti mkutano mkuu wa chama hicho ukamthibitisha kuwa mgombea. Slaa akajitoa. Profesa Ibrahim Lipumba, mwenyekiti wa CUF iliyokuwa katika umoja ule ule, naye akajiuzulu uenyekiti. Waliosema ya kuwa Lowassa ataleta watu hawakusema uongo: alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Walakini marehemu John Magufuli alipata asilimia 58 na zaidi, na tena alikuwa akihubiri vita juu ya ufisadi, neno ambalo chama cha upinzani kilikuwa kimelibeba kwa miaka mingi. Na mwezi wa Machi 2019 Lowassa alirudi CCM.

Mtetezi wa uamuzi ule aweza kusema, Amr bin Al-As naye alikuwa mgeni. Ndiyo, walakini Amr aliihamia dini, dini haikumhamia Amr. Aliacha aliyokuwa nayo, akaingia chini ya amri na hukumu zilizokuwapo kabla yake. Hapa ndipo penye kipimo cha kila mgeni mwenye watu wengi: je, yeye amehamia msingi wa chama, au msingi wa chama umeondolewa ili apate pa kukaa? Ikiwa ni la kwanza, kumkataa ni ubakhili. Ikiwa ni la pili, aliyeshinda ni mtu, na chama kimekwisha shindwa kabla ya siku ya kura.

SEHEMU YA TANO: UTARATIBU WA MWENYE KUPIGA KURA

Basi mwenye kuingia katika mchujo na ajiulize kwa mpango huu.

Kwanza, ni nani kati ya hawa aliye na uaminifu wa kadiri ya kazi yenyewe, na anayekubali zile asili chache? Asiye nao huondolewa, hata akiwa na watu wengi. Na ikiwa hapatikani mwadilifu hata mmoja, basi Imam Izzuddin bin Abdis Salam, Mshafi'i aliyefariki mwaka wa 660 Hijria, ameeleza ya kuwa huwekwa yule ambaye ufasiki wake ni mdogo kuliko wenzake, kwani watu hawawezi kuachwa bila msimamizi.

Pili, katika waliobaki, ni nani atakayekubaliwa na watu na kuiweza kazi? Hapo huyo atangulizwe, hata ikiwa mwenzake amemzidi daraja kidogo, wala nafsi isione uchungu.

Tatu, ni kipi kinachousukuma mkono? Bukhari na Muslim wamepokea onyo kali juu ya mtu anayempa kiongozi ahadi ya utiifu kwa ajili ya dunia tu, akipewa hutimiza na asipopewa havitimizi. Aliyepokea kanga, au unga, au noti, hana tena masala ya kupima baina ya nguvu na uaminifu. Amekwisha uuza ushahidi wake.

Na akishafanya hayo, akapiga kura, kisha aliyemchagua akashindwa, hana lawama. Kwani mtu huulizwa juu ya ushahidi wake, wala haulizwi juu ya hesabu ya masanduku. Na akishinda, kazi haikwisha: aliyemshuhudia ndiye wa kwanza anayepaswa kumkumbusha.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kuijua haki na kuifuata, na awape viongozi wanaoweza kazi na kuihifadhi amana. Wallahu aalam.