Kompyuta Mpya Nyumbani: Soma Kwanza, Bonyeza Baadaye



Siku hizi si ajabu kuingia nyumba ya kijijini ukakuta kompyuta mezani. Moja imeletwa na kijana anayesoma chuo mjini. Nyingine imenunuliwa na chama cha ushirika ili kutunza hesabu za mazao. Nyingine ni ya mwenye duka. Waya wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Tangu hapo intaneti imezidi kusogea kwetu, na wengi wetu tunaipata kwa simu.

Hilo ni jambo jema. Lakini tunapotembelea wananchi tunaona jambo moja ambalo si jema. Kompyuta ikishaingia nyumbani, wakubwa hukaa mbali nayo. "Hayo mambo ya vijana," wanasema. Kijana ndiye anayeiwasha, ndiye anayejua neno la siri, na pengine ndiye anayeshika hata namba ya siri ya simu ya baba yake. Sasa basi, siku kijana akirudi chuoni, nyumba nzima imefungiwa nje. Na siku kijana akidanganywa, nyumba nzima imedanganywa.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuiandaa kompyuta mpya na jinsi ya kujikinga na wezi wa mtandaoni. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kinga ya kwanza ni mtu anayesoma kilichoandikwa kiooni kabla ya kubonyeza. Wewe umehitimu kisomo. Kinga hiyo unayo tayari.

1. KABLA YA KUIWASHA

Tafuta meza imara, mbali na jiko, jua kali na maji. Kompyuta ina matundu ya kutolea joto. Usiyafunike kwa kitambaa, wala usiiweke juu ya godoro wakati inafanya kazi. Ikikosa hewa hupata joto jingi na kuharibika mapema.

Halafu soma karatasi iliyobandikwa kwenye chaja. Umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230. Chaja nyingi zimeandikwa 100-240, maana yake zinafaa hapa. Ukiona imeandikwa 110 au 115 peke yake, usiichomeke ukutani, itaungua. Umeme ukiwa wa kukatika-katika, chomoa waya, ngoja utulie, ndipo uchomeke tena.

Kama umenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, muulize muuzaji maswali mawili. Swali la kwanza: je, imefutwa yote na kuanzishwa upya? Isiwe na jina wala neno la siri la mwenyewe wa zamani. Swali la pili: inatumia Windows ipi? Kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo bado zinauzwa kwa bei ndogo, na bado zinawaka. Basi uliza kama hiyo unayouziwa inaweza kupokea Windows 11. Kama haiwezi, bei yake isiwe sawa na ile inayoweza.

2. SIKU YA KWANZA

Kompyuta ikiwashwa mara ya kwanza itakuuliza maswali. Usiwe na haraka. Kaeni wawili au watatu, mmoja asome kwa sauti, mwingine abonyeze. Fuateni hatua hizi:

(a) Lugha. Angalia kama Windows yako inaweza kuwekewa Kiswahili. Simu za Android zina Kiswahili. Usione aibu kukichagua. Mtu hujikinga vizuri zaidi katika lugha anayoielewa.

(b) Watumiaji. Kompyuta moja inaweza kuwa na watumiaji wengi, kila mtu na jina lake. Mtumiaji mmoja ni msimamizi. Yeye ndiye anayeruhusu programu mpya iingie. Jina hili lishikwe na wakubwa wa nyumba, au na viongozi wa chama kama mashine ni ya chama. Kazi za kila siku zifanywe kwa jina la mtumiaji wa kawaida. Hapo programu ngeni ikitaka kuingia na kubadili mambo makubwa, kompyuta itauliza kwanza neno la siri la msimamizi. Ni kama mgeni anayepiga hodi badala ya kuingia moja kwa moja hadi chumbani.

(c) Marekebisho. Iruhusu kompyuta ipokee marekebisho yote mapya kutoka kwa waliotengeneza programu. Kazi hii huitwa kusasisha. Inakula bando, kwa hiyo jiandae. Nunua bando la kutosha, au ipeleke mahali penye intaneti ambapo unapaamini.

(d) Ulinzi. Windows huja na programu yake ya kuzuia virusi, nayo hailipiwi. Kwa hiyo ukiona maandishi makubwa mekundu yakisema, "Kompyuta yako ina virusi, piga namba hii upesi," ujue ni uongo. Usipige. Funga ukurasa huo. Ukikataa kufungika, zima kompyuta.

3. KWA NINI TUNASISITIZA MARELEBISHO YA PROGRAMU?

Wengine watauliza, kwa nini nile bando langu kwa ajili ya marekebisho wakati mashine inafanya kazi? Jibu ni mambo yaliyotokea mwaka 2017.

Mwezi Machi mwaka huo Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba tundu katika Windows. Watu wengi hawakulipokea. Tarehe 12 Mei kirusi kiitwacho WannaCry kikapita katika tundu lile lile. Kiliingia katika kompyuta za nchi zaidi ya 150. Kilifunga kazi zote za mwenye kompyuta zisisomeke, kisha kikadai malipo ya dola 300 ili kuzifungua. Huko Uingereza hospitali kadhaa zilishindwa kusoma kumbukumbu za wagonjwa, na wagonjwa wengine wakaelekezwa kwenda hospitali nyingine.

Angalia tarehe hizo vizuri. Dawa ilitoka karibu miezi miwili kabla ya ugonjwa. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuinywa. Windows 10 isiyopokea tena marekebisho iko katika hali hiyo hiyo: tundu jipya likionekana, hakuna wa kuliziba.

Mambo hayo yanatufundisha pia kuweka nakala. Kila mwisho wa wiki, nakili hesabu na picha zako muhimu kwenye flashi, kisha ichomoe na kuitunza mahali pengine. Flashi ikiachwa imechomekwa, kirusi kinaweza kuifunga nayo.

4. NENO LA SIRI

Mwaka 2009 wezi waliiba maneno ya siri milioni 32 ya wateja wa kampuni moja ya Marekani iitwayo RockYou. Wataalamu walipoyachambua, waliona kuwa neno lililotumiwa na watu wengi kuliko yote ni 123456. Watu zaidi ya 290,000 walikuwa wamelichagua hilo hilo! Mwizi hana haja ya kuwa na akili nyingi. Anajaribu lile ambalo watu wengi hulipenda.

Kwa hiyo usitumie 123456, wala mwaka wako wa kuzaliwa, wala jina la mtoto wako. Chagua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe. Mfano: jembe, treni, chumvi, kofia. Ni marefu, lakini ni rahisi kukumbuka. (Huo ni mfano tu. Umekwisha chapwa gazetini, basi usiutumie!) Barua pepe iwe na neno lake, na kompyuta iwe na lake. Ukitumia moja kila mahali, mwizi akilipata hilo moja amepata yote.

Je, kuliandika kwenye daftari ni vibaya? Si vibaya, mradi daftari lifungiwe sandukuni, wala lisiandikwe ni neno la kitu gani. Kibaya ni kulibandika kwenye kioo cha kompyuta, au kumtajia kila anayekuja kuomba kuangalia mpira. Lakini namba ya siri ya pesa za simu usiiandike popote, wala usimpe mtu yeyote, hata wakala, hata mjukuu. Unajua kusoma namba. Bonyeza mwenyewe.

5. MWIZI ANAYEPIGA HODI

Wezi wengi wa mtandaoni hawavunji mlango. Wanapiga hodi, nasi tunawafungulia. Tuangalie njia tatu wanazozipenda.

Ya kwanza ni ule ujumbe tunaoujua wote: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mwizi hakujui. Ametuma kwa watu wengi akitegemea kwamba mmoja wao leo ana mtu wa kumtumia hela. Tuchukue mfano wa mama aliyeuza ufuta wake na kuahidi kumtumia mwanawe ada. Ujumbe ukimkuta saa hiyo, atafikiri umetoka kwa mwanawe. Ada ya mwaka mzima inaweza kupotea kwa dakika moja. Dawa yake ni kumpigia mwanao kwa namba unayoijua siku zote, usikie sauti yake.

Ya pili ni tarakimu 6. Mtu anakwambia, "Samahani ndugu, nimetuma namba kwako kwa makosa, nirudishie." Namba hizo ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimpa, anaingia kwa jina lako na kuanza kuwakopa ndugu zako. Kamwe usimpe. Tena fungua mipangilio ya WhatsApp, uweke uthibitisho wa hatua mbili.

Ya tatu ni zawadi na mikopo ya haraka. Unaambiwa bonyeza hapa, jaza jina, jaza namba ya kitambulisho, kisha tuma fedha kidogo "za usajili". Jiulize: zawadi gani inayolipiwa?

Kila ujumbe usioutegemea, uulize maswali haya matatu:
- Nani ameandika, na nitamthibitisha vipi?
- Anataka nini kwangu: hela, namba ya siri, au nibonyeze mahali?
- Kwa nini ananiharakisha?

Anayekuharakisha hataki usome. Hapo ndipo usome mara mbili.

6. UKISHADANGANYWA

Usinyamaze kwa aibu. Aibu yako ni faida ya mwizi. Piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, kwa sababu fedha ambazo hazijatolewa huenda zikazuiwa. Badilisha maneno ya siri. Nchini Tanzania, ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda namba 15040, na ukibonyeza *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ifutwe. Kisha toa taarifa polisi. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwisho, waambie majirani, ili wasiingie shimo hilo hilo.

ZOEZI

Jioni moja wiki hii, kaeni kama familia mbele ya kompyuta au simu. Tafuteni ujumbe mmoja ambao mtumaji wake hamumjui. Mtu mmoja ausome kwa sauti, kisha wote mjibu yale maswali matatu. Kama kuna mtu mzima ambaye hajui kusoma, msaidieni ajiunge na darasa la kisomo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani nyumbani kwenu anayejua neno la siri la kompyuta? Akisafiri mwezi mzima mtafanya nini?
2. Kwa nini walioumizwa na WannaCry wangeweza kujikinga mapema?
3. Kwa nini mtumiaji wa kila siku asiwe msimamizi wa kompyuta?
4. Chama chenu cha ushirika kinatunza wapi nakala ya hesabu zake?
5. Mtu amekupigia akisema anatoka benki, anataka namba yako ya siri upesi. Utamjibu nini?